Kupika Michembe kwa Maandishi

Katika mapishi yaliyoandikwa, mahali pa kuogopa ni pale palipoandikwa "chemsha mpaka viive". Aliyeandika anajua kuiva kukoje. Anayesoma hajui, na hilo hasa ndilo alilokuja kuuliza. Anafunua sufuria, anaona vipande vigumu. Anafunika. Anafunua tena, vimelegea kidogo lakini hana hakika. Akija kushtuka, chini pameshika na juu bado kuna viini. Kuanzia siku hiyo atasema chakula hiki kilimfaa bibi yake tu, aliyekuwa na mkono wake. Kumbe karatasi ndiyo iliyomwacha njiani.

Mjini Bariadi, mkoani Simiyu, namfahamu mwalimu mstaafu wa sayansi kimu ambaye ameamua kupambana na sentensi za namna hiyo. Anashughulika na vyakula vya Usukumani vilivyozoeleka: michembe kwa karanga, matobolwa, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), ugali wa mtama. Anaviandika upya ili mtu aliyepanga chumba Kimara au Tabata jijini Dar es Salaam, mwenye mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili, avipike na vitoke. Hagundui chakula kipya. Anachofanya ni kukitoa chakula kwa aliyekizoea na kukifikisha kwa asiyekizoea, ladha ikiwa ile ile. Ni kazi ya polepole na haina makofi, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuiheshimu.

Michembe inaionyesha kazi hiyo vizuri kuliko chakula kingine chochote. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na kuongezewa Busega kutoka Mwanza, ni nchi ya pamba, mifugo na jua kali. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika wilaya zake tano. Viazi vitamu huvunwa vingi kwa mpigo, navyo vikishachimbwa havikai. Dawa yake ni jua lile lile. Vikiachwa vinyauke, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi, hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Kilo tatu hivi za viazi vilivyomenywa hubaki kilo moja kavu, na kilo hiyo hulisha watu miezi ambayo shamba limekauka.

Matobolwa hayana ugomvi na mtu. Yamekwisha kuiva kabla ya kuanikwa, unaweza kuyatafuna na chai ukiwa safarini. Michembe ni kiazi kibichi kilichokauka, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Gunia linapakiwa kwenye basi, linafika Dar es Salaam, na kesho yake simu inapigwa.

"Shikamoo mwalimu. Michembe yangu imekuwa mawe."

"Marahaba mwanangu. Uliiloweka?"

"Niliiloweka."

"Kwenye maji ya namna gani?"

Upande wa pili kimya. Maji ni maji, au sivyo?

Mwalimu hakuanza kazi yake kwa kuwauliza wazee vipimo. Ukimwuliza mama aliyepika michembe tangu utotoni anatia maji kiasi gani, atakuambia "ya kutosha", na hakufichi kitu. Mwalimu aliuliza jambo jingine: michembe mibaya ikoje? Hapo kila mtu alikuwa na maelezo marefu, hasa kuhusu michembe ya wifi yake. Ya fulani huwa uji. Ya fulani ina kiini. Ya fulani inaelea kwenye maji kana kwamba mtu alisahau kuichuja. Ya fulani karanga zake zinanuka ubichi. Ya yule aliyehamia mjini haina utamu, sijui ni hiyo gesi. Aliporudi nyumbani daftari lake lilikuwa na makosa matano, na hayo ndiyo yakawa ramani yake. Akajua kwamba pishi lake likiweza kuyazuia hayo matano, mengine yatajiweka sawa yenyewe.

Kisha akachukua mizani. Alimwacha mama mmoja apike kwa mazoea yake, ila kila kinachoingia sufuriani kilipita kwanza kwenye bakuli lililopimwa. Chumvi iliyotoka kwenye vidole vya mama yule haikutofautiana sana kutoka siku hadi siku. Karanga hali kadhalika. Maji ndiyo yaliyomshangaza: leo mengi, kesho pungufu kabisa, na michembe ikatoka sawa siku zote mbili.

Mtu mwenye haraka angepiga wastani wa maji yale akaandika namba. Mwalimu alirudi kutazama mikono. Aliona kwamba kabla ya kumimina maji, mama alikuwa anachukua kipande kimoja na kukivunja, akiendelea na mazungumzo kana kwamba hafanyi kitu. Kikivunjika kwa mlio, maji yaliongezwa. Kikipinda kwanza ndipo kivunjike, yalipunguzwa. Michembe ya jua la Juni iliyokatwa myembamba, na ile iliyokatwa minene ikawahiwa na mawingu, haina kiu sawa. Mkono ulikuwa unaisoma kabla ya kuamua.

Hapo ndipo nilipoelewa ufundi wa kazi hii uko wapi. Wengi tunadhani kuandika pishi ni kugeuza konzi kuwa gramu. Gramu husaidia pale ambapo bidhaa haibadiliki: unga wa kiwandani, sukari ya dukani. Fannie Farmer alipotoa kitabu chake cha upishi kule Boston mwaka 1896 na kusisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa, alikuwa akiwaandikia watu ambao bidhaa zao zilikuwa zinaanza kufanana. Gunia la Bariadi halifanani na gunia la Maswa, wala la mwaka huu halifanani na la mwaka jana. Ukimpa mtu namba peke yake, umempa kipimo cha michembe ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwalimu anaandika namba, kisha anaandika dalili ya kuirekebisha namba hiyo. Kwa nusu kilo ya michembe, maji lita moja na robo. Vunja kipande kimoja; kikipinda kabla ya kuvunjika, punguza robo lita. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ndani yake kuna mazoea ya miaka mingi ya mama yule, na sasa mtu asiyewahi kukanyaga Simiyu anaweza kuyatumia.

Lawama ya gesi nayo aliifanyia uchunguzi, kwa sababu waliolalamika walikuwa wengi mno, wasingeweza wote kuwa wanajidanganya. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari ya aina ya maltozi. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri wanga unapoanza kulainika kwa joto, takriban kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, na joto likizidi hapo kinakufa. Michembe imekaushwa mibichi, haijapita motoni, kwa hiyo kimeng'enya bado kimo ndani kinasubiri. Kijijini, sufuria kubwa ya familia juu ya mafiga hupanda joto taratibu, na utamu unapata muda wa kujitengeneza. Chumbani Kimara, sufuria ndogo juu ya moto wa gesi uliofunguliwa wote inafika kwenye mchemko kabla kazi hiyo haijaenda mbali. Gesi yenyewe haina kosa. Kosa ni haraka.

Pishi likabadilika kwa sababu hiyo. Michembe inalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, na maji hayo hayamwagwi, kwa kuwa yamekwisha kuchukua sehemu ya utamu. Ndiyo hayo hayo yanayobandikwa jikoni. Moto unaanza mdogo. Na hapa mwalimu alikataa kuandika "moto wa wastani". Mtu anaweza kupikia mkaa leo, kesho vijiti vya pamba ambavyo huwaka kwa pupa na kuzima kwa pupa, keshokutwa gesi. Wastani wa kipi? Aliandika: uso wa maji utetemeke, usiruke. Maneno hayo yanafaa kwa jiko lolote.

Kwenye karanga alikuwa mkali zaidi, na ni haki yake. Jambo la kwanza katika pishi lake ni kuchambua kwenye ungo: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, zote nje. Sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, hupenda karanga vile vile, na moto wa jikoni hauiondoi. Jambo la usalama halikutupwa chini ya ukurasa kama onyo. Ni hatua ya kwanza, ambayo mpishi hawezi kuiruka bila kuiona.

Kisha kukaanga. Kikaango kikavu, moto mdogo, mwiko usisimame. Karanga huanza kimya, halafu zinaanza kutoa milio midogo ya kupasuka. Mlio huo ukishika kasi, mwalimu anachukua moja, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda jekundu likitoka lenyewe, anaipasua na kutazama ndani. Anatafuta rangi iliyo hatua moja nyuma ya ile anayoitaka, kwa sababu karanga huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe hata baada ya kuepuliwa. Anayengoja rangi kamili ikiwa bado motoni atapata karanga chungu. Mara tu inapofika anazimwaga kwenye ungo na kuzitandaza, zipoe haraka, kisha anazipeta maganda yaondoke.

Kwenye kinu kuna mpaka mwingine usioonekana. Karanga zikitwangwa huwa chenga, kisha unga, kisha unga unaoshikana, kisha mafuta yanatoka na kuwa kitu kinachonata kwenye mchi. Kwa mchuzi wa nsansa, hatua ya mwisho inafaa. Kwa michembe haifai: inajikusanya mabonge kwenye vipande vichache na kuviacha vingine vikavu. Dalili aliyoiandika ni hii: ukiukamata unga kwa ngumi ushikane, ukiusukuma kwa kidole uchanguke. Mwenye mashine ya kusagia ya umeme ameandikiwa mstari wake peke yake, kwamba abonyeze kidogo kidogo na kutazama kila mara, maana mashine huvuka mpaka huo kabla hujageuka.

Pishi likishaandikwa linakwenda mtihani, na mtihani wenyewe niliushuhudia. Mpishi alikuwa mjukuu wa jirani, msichana wa chuo aliyekulia Dar es Salaam, mla michembe mzuri asiyewahi kuipika. Alipewa karatasi, akaonyeshwa vyombo vilipo. Mwalimu akakaa kwenye kigoda pembeni na daftari mapajani, akanyamaza.

Binti alisoma, akapima, akaloweka. Alipobandika sufuria alisimama na mfuniko mkononi.

"Bibi, nifunike?"

Mwalimu hakujibu. Aliandika kitu kwenye daftari. Binti akarudi kwenye karatasi, akaipitia kwa kidole, akakuta kufunika kumetajwa mistari mitatu mbele. Akafunika. Baadaye, kwenye chumvi, alichota kijiko cha chai kikiwa na kilima juu, akasita, akakisawazisha kwa kidole, akasita tena. Daftari likaandikwa tena. Michembe ilitoka nzuri, tukala, na bado mwalimu hakuridhika. Neno "funika" lilihamia mahali ambapo mkono wa binti ulilihitaji. Kijiko kikapata maneno "kilichosawazishwa".

Nilimwambia kwamba binti alifaulu. "Amefaulu kwa kuwa ana akili," akasema. "Akiuliza, ujue karatasi imenyamaza. Mwingine hatauliza."

Wapo wazee wanaoona kazi hii ni ya bure, au hata ina madhara. Wanasema upishi hujifunzwa kwa kusimama karibu na mpishi, na karatasi itawafanya vijana waache kusimama. Sioni kwamba wamekosea katika sehemu ya kwanza. Lakini aliyeko mbali hana wa kusimama karibu naye, na mwaka hadi mwaka walio mbali wanaongezeka. Isitoshe, mwalimu hapimi kila kitu. Pishi lake lina sehemu zilizoachwa wazi kwa makusudi: utamu wa ziada, maziwa ya mgando pembeni, kula ya moto au iliyopoa. Palipo na nafasi ya kukosea bila chakula kuharibika, hakuweka kipimo. Palipo na hatari ameweka macho, masikio na vidole. Nazi hakutia, wala bizari, ingawa wapo waliomshauri kwamba ndivyo watu wa mjini wanavyopenda. Kazi yake ni michembe ile ile waliyoila kwao.

Utaalamu wa namna hii una ndugu zake katika maandishi rasmi. Mwaka 2008 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Kenya, kwa kushirikiana na FAO, mwaka 2018 ilitoa kitabu cha mapishi ya vyakula vyake pamoja na hesabu ya virutubisho vyake. Ni vitabu vyenye manufaa makubwa kwa daktari na mtafiti: vinakuambia bakuli lina nini. Mpishi wa nyumbani ana swali jingine, afanye nini bakuli linapokataa kumtii, na hilo linahitaji mtu aliyeketi kwenye kigoda akitazama mkono unaosita.

Kisha kiazi chenyewe kimebadilika. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye kitangulizi cha vitamini A, vimeingia mashambani Kanda ya Ziwa. Aina za Kabode na Mataya ziliidhinishwa nchini, na Kabode asili yake ni Uganda, katika kazi ya mtafiti Robert Mwanga, mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Kwa lishe ya watoto ni neema. Kwa mwenye pishi ni kazi kuanza upya. Viazi hivi kwa kawaida vina maji mengi na wanga kidogo kuliko vyeupe vya zamani, kwa hiyo michembe yake huiva upesi na kuvurugika upesi. Jua lile lile linaloikausha huila rangi, na rangi ndiyo yenye faida. Mwalimu angeweza kuongeza mstari mmoja chini ya karatasi ya zamani. Aliandika pishi la pili: kukata vipande vyembamba zaidi, kuanika chini ya kitambaa chepesi kwa muda mfupi, kuhifadhi gizani, kupunguza maji na kuanza kuchungulia mapema. Kwake, kiazi kingine ni chakula kingine hadi kithibitishe vinginevyo.

Kwa anayetaka kujaribu, karatasi ya viazi vyeupe kwa ufupi inakwenda hivi. Kwanza chambua karanga, uzikaange na kuzitwanga kama ilivyoelezwa hapo juu. Chukua michembe nusu kilo, uivunje kipande kimoja kuijua, uioshe haraka. Iloweke kwa nusu saa katika maji ya uvuguvugu lita moja na robo, au lita moja ikiwa inapinda. Bandika na maji hayo hayo pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, funika, moto mdogo. Maji yakianza kutetemeka, yaache hivyo hivyo kwa nusu saa, kisha chomeka kijiti cha meno katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Kikipita bila kukwama mahali popote, michembe imeiva. Maji yawe yamebaki kama kikombe kimoja. Yakizidi, funua yapungue. Lainisha gramu 200 za unga wa karanga kwa maji hayo ya moto, kidogo kidogo, hadi uwe mzito wa kumiminika. Mimina kwa kuzungusha juu ya michembe. Usikoroge: shika sufuria kwa vitambaa uirushe taratibu mara chache, vipande visivunjike. Funika tena kwenye moto mdogo kabisa hadi uone mafuta ya karanga yanang'aa pembezoni. Epua.

Sasa mwalimu yuko kwenye nsansa, na amekwama kwenye magadi. Magadi hulainisha majani na kuyatunzia rangi, lakini yakizidi kidogo mboga inateleza, inakuwa na ladha ya sabuni na kupoteza vitamini. Bonge moja la magadi halina nguvu sawa na jingine, na majani machanga hayahitaji sawa na yaliyokomaa. Wapishi wazuri wanajua pa kuishia. Mwalimu amewatazama, amepima, na bado hajaona wanatazama nini. Gramu anazo. Dalili hana, na bila dalili hatoi karatasi kwa mtu. Ukimwomba nsansa leo atakukaribisha mezani kwake ule ushibe, kisha akuambie urudi kiangazi kijacho kuchukua maandishi.